Aliyezoea Kufuatwa

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja likakaa sawa. Shangazi alilisema hilo kwa kila aliyekuwa tayari kumsikiliza, na miaka ishirini na sita katika chumba cha kufulia ndiyo iliyomfunza. Wanatakiwa watu wawili. Wanasimama wakitazamana, kila mmoja na pembe mbili mkononi. Wanalikung'uta mara moja, linapiga mlio kama kofi, wanakutanisha pembe, wanalivuta. Kisha mmoja anamfuata mwenzake alipo, anamkabidhi pembe zake, anainama kuokota mkunjo unaoning'inia, anarudi nyuma. Mwingine hasogei. Wote wawili wakitembea shuka linagusa sakafu, na shuka lililogusa sakafu linarudishwa kwenye mashine.

Shangazi ndiye aliyekuwa hasogei. Mwenzake ndiye aliyetembea. Wanawake wa pale wakawaita Nguzo na Mwendo, na majina yakashika hata msimamizi akawa anayatumia. Hawakuwa wamepangiana. Siku ya kwanza Mwendo alipoletwa kazini, Shangazi alikuwa amesimama na shuka mkononi, naye akaja. Basi ikawa hivyo mpaka wakastaafu.

"Wewe ulitakiwa uzaliwe malkia," Mwendo alimwambia siku moja, akipaza sauti kuishinda ngurumo ya mashine. "Hata tonge unalingoja likufuate mdomoni."

"Kwani halinifuati?"

"Linakufuata. Tazama hiyo nyonga."

Mashine zile zilimla Mwendo masikio. Alipostaafu alikuwa hasikii mpaka amtazame mtu mdomoni, na simu kwake ilikuwa kitu cha kushikiwa na binti yake. Kwa hiyo alikuja mwenyewe. Kila Alhamisi saa nne asubuhi, miaka kumi na mmoja, alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, nyumbani kwa mtoto wa kiume wa Shangazi, akanywa chai, akapiga soga hadi adhuhuri. Shangazi kwenda kwa Mwendo? Alikwenda mara mbili, na zote mbili ulikuwa msiba.

Mwanawe Shangazi alikuwa fundi wa lifti. Jengo walilokaa halikuwa na lifti. Majirani walimtania kwa hilo, naye alicheka pamoja nao, hadi asubuhi ile Shangazi alipoteleza kwenye ngazi za ghorofa ya pili akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akapewa gongo la miguu minne, na simu yake, iliyovunjika siku hiyohiyo na namba zote ndani yake, haikutengenezeka. Tangu hapo mwanawe alipotoka kazini alifunga mlango wa nondo, akaondoka na ufunguo.

"Ni kwa usalama wako, mama," alisema. "Nikikuacha wazi, utashuka. Nakujua."

Alikuwa anamjua. Shangazi akabaki na vyumba viwili, kikorido, na dirisha la jikoni lililotazama ukuta wa jengo la pili. Alijifunza kila ufa wa ukuta ule. Asubuhi aliswali, akafagia pale alipoweza kufika, akaketi kwenye kiti karibu na mlango. Mlango wa mbao aliuacha wazi ili aone korido kupitia nondo, maana ukiufunga, chumba kilimkaba kama shati la mtoto.

Mwendo hakuacha kuja. Alhamisi alikaa kwenye kigoda huko koridoni, Shangazi huku ndani, na vikombe vya chai vikapita katikati ya nondo. Ila kiziwi hajui sauti yake imefika wapi. Alhamisi moja aliuliza hali ya tumbo la Shangazi kwa namna ambayo ghorofa zote nne zilipata habari.

"Punguza sauti," Shangazi alimwambia, uso ameukunja. "Si kila mtu hapa anataka kujua nimepata choo au sijapata."

Mwendo aliyasoma maneno mdomoni mwake, akacheka, akamaliza chai yake, akaaga. Alhamisi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja.

Shangazi akakata kauli kwamba mwenzake amenuna. Akanuna naye. Alhamisi saa nne alikuwa kitini, kitambaa safi kichwani, birika limeshachemka, masikio yake kwenye ngazi. Zikapita Alhamisi tatu, nne, tano. Alimwomba mwanawe amtafute Mwendo. Mwanawe akasema atapita akipata nafasi, na nafasi haikupatikana. Katika sala zake alimwomba Mwenyezi Mungu ailainishe roho ya Mwendo ili aje. Kuombea miguu yake mwenyewe imfikishe kwa Mwendo hakukumjia akilini hata siku moja.

Koridoni, mlango wa mkabala, aliishi mwanamke aliyeshona sare za shule. Kwa mwaka mzima Shangazi alimjua kama kelele za cherehani tu, na kelele hizo hakuzipenda. Siku moja fundi huyo alitoka na shuka alilolianua, kubwa, akajaribu kulikunja peke yake, pembe moja ameibana kwa kidevu, nyingine chini ya kwapa.

"Unakunja shuka au unakamata kuku?" sauti ikatoka nyuma ya nondo.

Fundi akageuka. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Lete pembe hapa."

"Hapa wapi, na umefungiwa?"

"Mikono haijafungiwa."

Wakalikunja hivyo, nondo katikati yao, hakuna wa kumfuata mwenzake, mikono tu ikipita na kupokeana. Halikukaa sawa. Lakini kesho yake fundi alirudi na jingine, na keshokutwa akaja na kigoda na vifungo vya kushona kwa mkono. Shangazi alimtazama akikalia mahali pa Mwendo, akaona wivu kwa niaba ya mwenzake. Hakumwambia aondoke.

Ilikuwa Alhamisi ya saba fundi alipouliza, sindano mdomoni, "Yule mama wa sauti kubwa yuko wapi siku hizi?"

"Amenuna."

"Kwani kwake ni mbali?"

"Nyuma ya soko la mbao. Vituo viwili."

"Sasa Shangazi, mbona humfuati?"

"Unanitazama? Unaona hizi nondo au huzioni?"

"Naziona. Nasema kabla ya nondo. Miaka yote hiyo, ulikuwa unakwenda kwake?"

Cherehani ilikuwa imenyamaza, Shangazi hakuwa na cha kujifichia. Fundi akachoma sindano kwenye kola, akainuka.

"Nielekeze nyumba," akasema.

Alirudi saa nane. Hakuketi. Alishika nondo mbili kwa mikono, akazungumza polepole.

"Yuko kitandani, Shangazi. Ini. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wameshafanya lao. Amekonda, ila macho ni yaleyale. Nilimwambia nimetumwa na wewe."

"Akasema nini?"

"Akasema, mwambie Nguzo kwamba Alhamisi sasa ni zamu yake."

Shangazi alitazama mikono yake, kisha ngazi zilizoshuka kule mwisho wa korido, ambazo kutoka kitini aliona tatu tu za kwanza.

"Na kuna jambo jingine," fundi akasema. "Binti yake ananiambia alimpigia simu mwanao. Wiki tano zilizopita."

Mwanawe aliporudi jioni, mikono ikinuka grisi, hakumpa nafasi ya kuvua viatu.

"Ulijua?"

Alijua swali lenyewe. Akaegemea ukuta. "Nilijua, mama."

"Ukaniacha ninune kama mjinga. Namnunia mgonjwa."

"Nilijua ungetaka kwenda. Ngazi ni sitini na nane. Daktari alisema ukianguka tena hakuna nyonga ya kuunga. Nifanyeje? Wewe ndiye niliyebaki naye."

"Kutwa nzima unapandisha na kushusha watu usiowajua."

"Hao wana lifti, mama."

"Na mimi nina wewe."

Mwanawe akajipangusa uso kwa kiwiko. Akasema Jumapili. Jumapili atatafuta mtu wa kumsaidia, watamshusha.

Jumapili Shangazi alioga mapema. Alivaa gauni la kijani na viatu vyake vya kazi vya zamani, visivyoteleza, akakaa kitini. Saa tatu simu ya mwanawe ikaita. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akakata.

"Mama, kuna watu wamekwama kwenye lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Mwenzangu yuko safarini. Siwezi kuwaacha."

Shangazi alimtazama akichukua mkoba wa vyuma.

"Nenda kawatoe waliokwama," akasema.

Mlango wa nondo ukafungwa. Shangazi alipohesabu siku alizobakiza Mwendo, hakujua anazihesabu kutoka wapi. Ini halina kalenda. Alisimama, akashika nondo, akazisukuma ingawa alijua. Alipiga dua, na safari hii aliomba miguu. Fundi akatoka akiwa na futi lake shingoni, akaketi kwenye kigoda. Shangazi hakuvua viatu.

Mwanawe alirudi saa tisa. Alimkuta alivyomwacha, mgongo umenyooka, miguu imebanwa pamoja.

"Wametoka?" Shangazi akauliza.

"Wametoka."

"Walikaa humo muda gani?"

"Saa nne na kitu. Mmoja alikuwa analia, anasema hewa imekwisha. Hewa haiishi mle, mama. Kuna matundu."

"Najua kuna matundu," Shangazi akasema, akitazama nondo.

Mwanawe naye akazitazama, kwa muda. Kisha akaweka mkoba chini, akampa mama yake mgongo, akachuchumaa.

"Panda."

Alimshusha hatua kwa hatua, akipumua kama farasi, fundi ametangulia na lile gongo la miguu minne akitangaza kila kona. Ghorofa ya pili, mahali alipoanguka, Shangazi alifumba macho. Walipofika chini aliyafumbua, jua likampiga usoni, naye akapiga chafya. Fundi akawasimamishia teksi, akaingiza gongo ndani, akabaki.

Chumba cha Mwendo kilikuwa cha nyuma, na kitanda chini ya dirisha. Binti yake alikuwa ametoka kubadilisha matandiko. Mwana wa Shangazi alitaka kumfikisha kitandani mgongoni vilevile, lakini Shangazi alimgonga begani.

"Niweke hapa mlangoni."

Akatembea. Gongo mbele, mguu, mguu mwingine. Mwendo aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama akija, na hakumsaidia hata kwa neno, kama mtu anayeonja chakula alichosubiri siku nyingi.

"Hatua ngapi?" akauliza alipofikiwa.

"Tisa."

"Tisa tu? Mimi nilidhani chumba hiki ni kikubwa."

Shangazi aliketi kitandani, akaweka uso wake mahali ambapo midomo ingeonekana. "Nilidhani umenuna. Kwa lile neno la choo."

"Lile?" Sauti ya Mwendo ilikuwa imepungua mpaka ikawa kama ya watu. "Nimelisimulia mpaka kwa daktari. Alicheka yeye na manesi wake." Akapumzika kidogo. "Huyo aliyekuja juzi ni nani?"

"Fundi wa mlango wa pili."

"Anajua kukunja?"

"Hajui kitu. Anakunja kama anafunga mzigo wa kuni."

"Mfundishe. Nisipokuwepo utakunja na nani, na ukuta?"

Walikaa hivyo mpaka Mwendo alipolala. Mwana wa Shangazi alisimama mlangoni muda wote, kofia mkononi. Kisha akamrudisha, ngazi sitini na nane kwenda juu, akipumzika kila ghorofa, na asubuhi akaenda kazini, akafunga.

Mwendo alifariki siku ya kumi na mbili, Mungu amrehemu. Alizikwa upesi, na siku hiyo mwanawe Shangazi alikuwa kazini mji mwingine, ufunguo mfukoni mwake. Fundi alikwenda mazikoni badala ya Shangazi. Shangazi alibaki ameshika nondo kuanzia saa nne hadi adhuhuri, akisoma dua zote alizozijua, na alipozimaliza alianza upya. Alisema baadaye kwamba Mungu amesikia dua kutoka mahali pabaya zaidi. Lakini hakusema kwamba ilimtosha.

Mwanawe aliporudi na kukuta habari, hakuingia ndani kwanza. Alivuka korido, akagonga mlango wa fundi, akampa ufunguo wa pili.

Ngazi zilibaki sitini na nane, na Shangazi hakushuka tena kwa miguu yake mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua mwaka uliofuata. Ila Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, saa nne, ufunguo uligeuka kutokea nje, na fundi akaingia na shuka mikononi. Hakusema amekuja kwa nini. Alimpa Shangazi pembe mbili, akarudi nyuma hadi ukutani. Wakalikung'uta. Wakakutanisha pembe, wakalivuta. Fundi akaanza kumfuata.

"Simama hapohapo," Shangazi akasema.

Akazitupia pembe begani, akashika gongo, akaanza kwenda. Katikati ya chumba mkunjo ukalegea, ukaburutika chini.

"Shangazi, limegusa sakafu."

"Liache liguse," akasema, akaendelea kutembea.