Siku Bi Kilo Alipopanda Mizani

Kwa miaka thelathini na moja Bi Kilo alikaa kwenye kibanda cha vioo kando ya barabara kuu, akipima malori. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na madereva, tena kwa hasira. Lori likizidi uzito, hata kidogo, taa nyekundu iliwaka, na Bi Kilo alitoa kichwa dirishani akasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka: "Shusha hapa hapa, mbele ya macho yangu." Walimbembeleza wakachoka. Walimwita mama, shangazi, wifi, na mmoja aliyekata tamaa kabisa alimwita mchumba. Mwingine alilia machozi ya kweli. Bi Kilo alimpa kitambaa ajifute, kisha akamwonyesha pa kuweka magunia.

Mbele ya mizani ile barabara huanza kuteremka, kilomita arobaini za kona, hadi ziwani. Madereva waliorudi kutoka huko hawakuishiwa maneno. Walisema maji hayana mwisho, ng'ambo haionekani, asubuhi rangi hii na jioni rangi nyingine. Bi Kilo aliwasikiliza huku akiandika, na kimoyomoyo akiwapunguzia. Mtu anayekudanganya uzito wa saruji akiwa amesimama juu ya mizani, atashindwaje kutia chumvi kwenye habari za maji? Hata hivyo kila siku, kwenye daftari, chini ya safu ya "Anakokwenda", aliandika neno hilo hilo mara hamsini, ziwani, ziwani, ziwani, mpaka mkono ukalizoea kuliko jina lake. Mwenyewe hakuwahi kufika. Likizo moja aliuguza mama mkwe, nyingine aliezeka nyumba, nyingine binti alijifungua. Ukija kushtuka, umestaafu.

Mumewe alimuuliza sasa anataka nini.

"Nataka kupita pale kwenye geti la mizani," Bi Kilo alisema. "Nimelifungua lile geti kwa ajili ya kila mtu. Nami nataka nipite, niende nikalione hilo ziwa."

Mumewe alikuwa fundi wa makochi, mtu mpole aliyeishi nusu ya siku akiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo hakuwa na mazoea ya kubishana. Alikwenda kwa wauza vyuma chakavu akapata chasi ya tela kuukuu la magurudumu mawili, akamwita rafiki yake mchomeleaji, na mwaka mzima majirani wakalala mchana kwa taabu. Ikatoka nyumba ndogo ya bati jepesi, ya kukokotwa na gari lao la nyumbani, lile la juu kidogo lililozoea kubeba sponji na vitambaa. Ndani mlikuwa na viti viwili virefu vya kijani vilivyogeuka kitanda, jiko dogo la gesi, rafu yenye ukingo ili vikombe visianguke, na mto kwenye kila pembe, maana fundi wa makochi hawezi kuona pembe tupu akatulia.

Sasa, ukimpa Bi Kilo tela, umempa kazi. Wiki nzima kabla ya safari alipima kila kitu kwa mizani ya kujipimia uzito aliyoitoa bafuni. Alipima sufuria, mablanketi, viatu vya mumewe, kisha mumewe akiwa ndani ya viatu. Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini. Jioni ya mwisho alilaza pua ya tela, ule mkono wa chuma unaoshikana na gari, juu ya mizani hiyo hiyo, akasoma kilo tisini. Tela zima kilo mia tisa, pua tisini, fungu moja la kumi. Ndivyo inavyotakiwa. Pua inapaswa kulilemea gari kidogo, kama mtoto aliyeshika mkono wa mama yake. Ikiwa nyepesi, mkia ndio unaotawala na tela linaanza kucheza, na kwenye mteremko ule wa ziwani tela linalocheza huishia bondeni. Bi Kilo alikuwa ameona mengi yakirudi kwa kuvutwa na minyororo.

"Likicheza, tunarudi nyumbani," alimwambia mumewe. "Sitabishana na mtu."

"Halitacheza," mumewe alijibu, halafu akaenda kuangalia tela kwa mara ya mwisho, peke yake, akakawia huko kuliko ilivyohitajika.

Waliondoka asubuhi jua limeshapanda, mume kwenye usukani, mke na daftari mapajani. Kilomita za kwanza zilikwenda vizuri. Walipofika mwendo wa sabini, tela likaanza kutikisa mkia, polepole, kisha kwa bidii, mpaka makalio ya gari nayo yakafuata.

"Mzee, nyuma kuna nini?"

"Upepo."

"Miti imetulia tuli. Ni upepo gani unaovuma nyuma yetu peke yetu?"

Mkia ukavuta kushoto, ukavuta kulia. Fundi alianza kutoka jasho.

"Toa mguu kwenye mafuta," Bi Kilo alisema kwa ile sauti yake ya kibandani. "Breki usiiguse. Shika usukani hivyo hivyo, usishindane nalo."

Alifanya hivyo. Mwendo ukapungua, tela likatulia. Bi Kilo alifungua daftari akapitia kila mstari. Hakuna kilichokosewa. Neno lake alikuwa ameshalisema, na yeye hakuwa mtu wa kumeza neno lake: tela lisilotulia halishuki mteremko. Miaka yote ile, halafu arudishwe na bati na mito. Alitaka kulia, akajikaza.

Mbele kidogo likaonekana bango la mizani. Magari madogo hupita tu hapo, ni malori yanayokata kona kuingia.

"Ingia," alisema.

"Sisi si lori, mama."

"Nimesema ingia."

Kulikuwa na malori sita kwenye foleni. Habari ilitembea kutoka kichwa hadi mkia wa foleni kabla gari halijasimama: Bi Kilo amekuja kupimwa. Madereva wakashuka wote, mmoja na kikombe cha chai mkononi, wakajipanga kando kama watu waliofika harusini. Mbele yao alisimama Tani Moja, jamaa wa mashavu manene ambaye Bi Kilo mwenyewe alimbatiza jina hilo, kwa sababu hakuwahi kuzidisha pungufu ya hapo.

Karani mpya alitoka mbio kibandani. Alikuwa mwanamke wa makamo ambaye Bi Kilo alimfundisha kazi kwa miaka minne.

"Shikamoo, mama. Mbona umehangaika kuingia huku? Nani atakupima wewe? Pita tu."

Pita tu. Maneno mawili ambayo Bi Kilo hakuwahi kumwambia mtu. Geti lilikuwa pale pale mbele yake, na barabara ya ziwani ilianzia upande wa pili wa geti. Angeweza kunyamaza.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nipime."

Wakaweka magurudumu ya tela tu juu ya mizani, likiwa limeshikana na gari lililobaki nje. Namba zikasimama kwenye mia nane na sitini. Wakalifungua kutoka kwenye gari, likasimama peke yake kwa mguu wake wa mbele. Mia tisa kamili.

"Hujazidi hata punje, mama," karani alisema kwa furaha. "Ni kama ulivyoandika."

Bi Kilo hakufurahi. "Mia tisa toa mia nane na sitini ni arobaini. Ndizo kilo zinazolemea pua. Jana jioni zilikuwa tisini." Alifunga daftari. "Uzito ni ule ule, ila kuna kilo zimetembea usiku."

Akamgeukia mumewe. Fundi wa makochi alikuwa anachunguza mawingu.

Tani Moja alikohoa kwa adabu. "Mama, mzigo uliopangwa vibaya, sheria yake tunaijua sisi, au tukukumbushe?"

Madereva hawakuhitaji kuambiwa. Sauti sita, hazikupanda wala kushuka: "Shusha hapa hapa, mbele ya macho yetu."

Bi Kilo alivua saa, akakunja mikono ya gauni, akashusha. Sheria yake ilikuwa inamuuma yeye sasa, na hakuomba apunguziwe. Yalitoka mablanketi, sufuria, jiko, gauni la kulalia lenye maua makubwa mekundu ambalo Tani Moja aliligeuzia kisogo kwa heshima na wengine wakalitazama vizuri tu. Alipofungua sanduku la mbele, pale alipoweka madumu mawili ya maji, hapakuwa na kitu.

"Mzee. Maji yako wapi?"

"Mama," mumewe alisema kwa sauti ndogo, "kule nyuma, chini ya kitanda, niache nishushe mimi."

"Chini ya kitanda nimeacha wazi."

"Najua. Na mgongo wako haukuruhusu kuinama kuangalia."

Aliingia kwa magoti, akahema, akavuta, akatoka na kitu kizito kilichofungwa kwa sponji na kitambaa cha kijani, kimeshonwa pembe zote kama kochi. Hakuwa na namna nyingine ya kufunga zawadi. Alitoa kisu mfukoni, akafumua uzi, na kitambaa kikaanguka.

Ilikuwa mizani ya chuma, ile ya zamani ya kupimia magunia, yenye mkono wa shaba na kijiwe cha kusogeza. Ndiyo mizani ya kwanza aliyoikuta Bi Kilo kibandani akiwa msichana wa kazi mpya. Siku walipoitupa kwenye lori la vyuma chakavu alirudi nyumbani macho mekundu, akasema ni vumbi. Mumewe alikuwa na misumari mdomoni siku hiyo, akaendelea kugonga kochi. Kumbe aliliandika moyoni.

"Niliikuta nilipokwenda kutafuta chasi," alisema. "Nikaisafisha. Nilitaka nikupe ukiwa ziwani, mbele ya maji."

"Ina kilo ngapi?"

"Hamsini. Ndiyo maana nilitoa yale madumu, nayo ni hamsini. Nimetoa hamsini nikaweka hamsini, hesabu yako nisiiharibu."

"Umetoa mbele ukaweka nyuma."

"Kilo si ni kilo tu?"

Madereva wote sita waliguna kwa pamoja, kama watu walioona mpira ukipigwa nje ya goli. Tani Moja alimshika fundi bega akamweleza habari za mkia na pua, taratibu, kwa huruma ya mtu ambaye naye aliwahi kufundishwa hapo hapo.

"Na tutakunywa nini?" Bi Kilo aliuliza.

"Tunakwenda ziwani, mama. Nani anabeba maji kwenda ziwani?"

Hapo alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika ukuta wa tela, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na safari hii hakusingizia vumbi. Alimpenda mtu huyu kuliko siku ya ndoa yao, na wakati huo huo alitamani kumpiga na sufuria.

"Iacheni hapa, mtaichukua mkirudi," karani alishauri.

"Haibaki tena hapa," Bi Kilo alisema. "Iende kwenye sanduku la mbele."

Tani Moja na mwenzake waliibeba. Vitu vikarudi, kimoja kimoja, Bi Kilo akielekeza kwa kidole. Tela likashikana na gari, likapanda tena: mia nane na kumi. Pua tisini. Taa ya kijani ikawaka, na mwenye kikombe cha chai akakiinua juu.

Karani alifungua daftari, kwa mazoea tu. "Mzigo?"

"Mizani moja."

"Anakokwenda?"

Bi Kilo alinyoosha mkono akaomba kalamu. Aliliandika neno lile mwenyewe, polepole, na mkono uliokuwa umeliandika maelfu ya mara ulichora herufi moja moja kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Kisha geti likanyanyuka, na hakulinyanyua yeye.

Kwenye kipande kilichonyooka kabla ya kona, fundi alifika sabini, akamtupia jicho mkewe. Mkewe alikuwa anatazama kioo cha pembeni. Tela lilifuata kimya.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe mpaka ziwani. Tukifika nakupima, maana sikuamini tena."

Waliteremka kwa gia ndogo, kona baada ya kona, karibu saa nzima. Kona ya mwisho ilipofunguka mumewe alisimamisha gari bila kuambiwa. Bi Kilo alishuka akaweka mkono juu ya macho, akaitafuta ng'ambo. Akaitafuta kushoto, akaitafuta kulia, akarudi katikati. Yalikuwa maji tu, hadi yalipoungana na anga. Aliwakumbuka madereva wote wale na maneno yao yote aliyoyapunguza kwa nusu, miaka thelathini na moja, akaona aibu kidogo na furaha nyingi.

"Wale watu," alimwambia mumewe, "hawakuzidisha hata kilo."