Karatasi Zilizokatwa Vichwa

Nikisikia harufu ya karatasi zilizotoka tu kurudufiwa, hadi leo nageuka mwanafunzi tena. Narudi Kimamba, kidato cha pili, darasani chini ya bati linalochemka, na dada mmoja mgeni kutoka Morogoro anatugawia dodoso. Alitaka kujua sisi vijana tunaishije: tunakula nini, tunakunywa nini, tunajihatarisha vipi. "Wadogo zangu, msiandike majina," alisema. "Hakuna atakayejua nani kajibu nini." Nikamwamini, nikajibu kweli tupu. Ndiyo, nimewahi kunywa pombe ya kienyeji. Tulikunywa na rafiki yangu Zaituni nyuma ya ghala la zamani la mkonge. Ndiyo, nimepanda bodaboda mshikaki, watu watatu bila kofia. Swali la mwisho liliuliza kama kuna mtu mzima ninayeweza kumwambia siri yangu. Nikaweka alama ya vema kwenye Hapana, tena kwa hasira.

Karatasi zilipokwisha kukusanywa, Zaituni akaninong'oneza, "We, umeandika jina?" Looo! Nilikuwa nimeandika yote matatu, na mkondo wa darasa juu. Tangu darasa la kwanza tulichapwa kwa kusahau jina, basi mkono ulishakimbilia pale juu kabla masikio hayajasikia lolote. Na bahasha yenye karatasi zetu ilikuwa imepelekwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu, ambaye ni baba yangu mdogo. Akiisoma karatasi yangu tu, baba atajua kabla ya alasiri, na baba alishaapa: binti yake akigusa pombe, shule basi, jembe linamsubiri.

Nilikwenda ofisini mbio. Nikamkuta yule dada ameketi sakafuni na mkasi, anakata vichwa vya karatasi, moja moja. Baba mdogo amesimama mbele yake, mkono ameunyoosha.

"Hebu nione hizo."

"Samahani mwalimu, hizi haonyeshwi mtu," dada akajibu, akazisukuma chini yake akazikalia. Akazikalia kweli! Baba mdogo akasonya, akatoka bila hata kunitazama.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Na wewe uliandika? Darasa zima mmeandika."

Alipomaliza, vipande vyote vya majina tukavitia motoni chini ya sufuria la makande ya shule. Nilimwomba karatasi yangu nibadilishe jibu moja tu, lile la mwisho. Akalitazama rundo, akanitazama mimi. Vema tupu kila ukurasa, majina yameshaungua, tungeijuaje? Hatukuipata.

Siku hizi kazi ya yule dada naifanya mimi, kuanzia Mikumi hadi Berega, na vijana wanajibu kwenye kishikwambi ambacho hakina hata mahali pa jina. Mkasi sibebi. Lakini nikiona Hapana kwenye swali la mwisho, sina haraka ya kufunga begi. Nakaa pale mlangoni kidogo, huenda yupo anayetaka kubadilisha.