Mwalo Uliofagiwa

Evelina hakuwa mtu wa kutulia. Miaka kumi na tisa alikuwa amekausha dagaa kwenye mwalo mdogo wa Ilemela, ufuoni mitumbwi inaposhusha samaki, akiwageuza juani kwa mikono, jicho moja kwa dagaa na jingine kwa wingu la ziwani. Mwaka huu wasiwasi ulihamia nyumbani kwake Kiseke. Binti yake Odeta alikuwa amemaliza chuo, amesomea usindikaji wa vyakula, akakaa mwaka mzima bila kazi. Sasa kiwanda kimoja cha Kibaha kilikuwa kimemwita aripoti mwisho wa mwezi.

"Kwani viwanda vyote vimelogwa viende Pwani?" Evelina aliuliza.

"Mama, wawekezaji wanakaa karibu na bandari. Huku wanafuata kinachovuliwa na kinachochimbwa, basi."

"Si dagaa wanavuliwa huku?"

Odeta akacheka, akaendelea kupiga pasi nguo za safari.

Wiki hiyohiyo Sahil, mfanyabiashara wa mjini ambaye babu yake pia alinunua dagaa hapo mwaloni, alileta habari. Wageni kutoka Norwei wanataka kujenga kiwanda cha kukausha dagaa kwa mashine. Alhamisi wataona mwalo huu, Ijumaa wataona Musoma, kisha watachagua sehemu moja. Tangu hapo Evelina hakupata usingizi vizuri. Kiwanda kikija hapa, Odeta hatapanda basi la Kibaha.

Alhamisi asubuhi Chenge, mwenyekiti wa mtaa, aliwakusanya wanawake.

"Mgeni haingizwi kwenye ua mchafu," alisema. "Dagaa wote waondoke mchangani na kwenye vichanja. Wekeni bandani, funikeni turubai. Mitumbwi ishushe nyuma ya mawe."

"Mwenyekiti, hawa ni wa alfajiri, hawajakauka," Evelina alisema. "Wakifunikwa watachemka."

"Ni kwa saa mbili tu, Mama Odeta. Au unataka wageni wapite wameziba pua?"

Evelina aliwazoa dagaa, akawafunika. Na yeye alitaka wageni wapendezwe. Alifagia mchanga mara mbili, akaokota hata magamba.

Wageni walitarajiwa saa nne. Walifika saa tisa. Kila nusu saa Evelina alikwenda bandani, akapenyeza mkono chini ya turubai, akarudi amekunja uso. Odeta, aliyekuja kumtazama mama yake, alimwambia akae. Hakukaa.

Mkubwa wa wageni alikuwa mama mtu mzima mwenye kofia pana. Chenge alimsimulia uwanja wa ndege, reli inayojengwa, daraja la Busisi. Mgeni aliitikia kwa kichwa, akatazama mchanga mweupe, akamwuliza Sahil kitu.

"Anauliza dagaa wako wapi," Sahil alisema.

"Leo tumepumzika kwa heshima yao," Chenge akajibu.

Mgeni akaandika kwenye daftari, akafunga. Sahil alimsogelea Evelina.

"Mama, reli na uwanja wa ndege aliviona kwenye ramani huko kwao. Hapa alitaka kuona mzigo. Nimwambie nini?"

Evelina alimtazama Chenge, kisha Odeta. Akafungua kanga kiunoni, akaifunga upya kwa nguvu.

"Mwambie anifuate."

Bandani alivuta turubai. Harufu iliwarudisha nyuma hatua mbili, wote isipokuwa mgeni. Huyo alizamisha mkono katikati ya rundo, akautoa upesi. Dagaa walikuwa moto kama uji.

"Tumewaficha wakiwa wabichi ili tuonekane wasafi," Evelina alisema. "Hawa sasa ni chakula cha kuku. Masika ni hivihivi, mvua ikishika siku tatu tunatupa nusu. Mashine ingetufaa."

Sahil alipoanza kutafsiri, Odeta alimsaidia, kisha akaendelea mwenyewe. Mgeni alifungua tena daftari. Walizungumza Kiingereza kirefu; Evelina hakuelewa neno, akabaki kusoma nyuso zao, mara matumaini yanapanda, mara yanashuka.

Siku ya kumi Sahil alipiga simu.

"Shikamoo mama. Wamechagua Musoma. Kule walikuta ufuo mzima umeanikwa, wanawake wanageuza, mitumbwi inashusha. Walijihesabia wenyewe. Hapa walibaki na maneno yetu tu."

Evelina aliihamishia simu sikio la pili.

"Ila yule mama anamtaka Odeta. Asimamie ukaushaji."

Mwaloni Chenge alimngoja na lake. "Mama Odeta, umefungua banda, kiwanda kimekimbilia Musoma."

"Mimi niliwaonyesha dagaa, mwenyekiti. Wewe uliwaonyesha mchanga."

Wanawake walicheka. Evelina hakucheka. Musoma ni karibu kuliko Kibaha, alijiambia, mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini jioni, Odeta alipokuwa anazipanga upya nguo zake, alimfuata hadi mlangoni.

"Huko Musoma utalala kwa nani?"

"Mama, hata tarehe hawajanipa."

"Ndiyo nauliza mapema," Evelina alisema, akaanza kuzikunja upya zile ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.