Bangili za Ghaliya

Dada yangu Ghaliya ana miaka sitini na tatu, na baridi aliyokuwa akiijua ni ya kiyoyozi cha sebuleni kwake Hail, huku Oman, nacho anagombana nacho kila siku. Sasa huyo huyo alipotangaza kwamba Januari anakwenda Siberia, nyumba nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, sisemi uongo.

Yeye hakuwa na mzaha. Binti yake Shahad anasomea udaktari huko, kaolewa na Mwomani mwenzake huko huko, na mimba ilikuwa ya miezi minane. Hawezi tena kupanda ndege. Na kwetu sisi tuliotoka Unguja, mtoto wa kike akijifungua, mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anamfunga mkaja tumboni, anamlisha uji wa pilipili manga mpaka arubaini ziishe.

"Basi ntakwenda mie," akasema Ghaliya. "Nani mwengine atamkanda? Mashine?"

Aflah, mwanawe mkubwa, akaja juu. "Mama, huko ni digrii arubaini chini ya sifuri! Unataka kutuletea msiba?" Kisha akatoa sharti, na nnamjua, alilitoa ili kumkomesha. Ana ghala la kuku wa barafu Rusayl. "Kaa mle nusu saa. Ukiweza, ntakupeleka mwenyewe. Ukishindwa, usinitajie tena Siberia."

Siku ya kwanza alikaa dakika kumi na moja tu. Koti alikuwa nalo, soksi jozi tatu, mashungi mawili. Kosa lilikuwa bangili: bangili sita za dhahabu alizovishwa na marehemu mumewe siku ya harusi. Miaka arubaini hazijamtoka. Kapika nazo, kazaa nazo, kakaa eda nazo na watu wakamsema. Mikono ya koti ilikuwa mifupi, dhahabu ikashika baridi, ikamng'ata mpaka akatoka mbio anapiga kelele. Aflah akacheka. Angejua asingecheka.

"Unancheka mie?" Ghaliya akasema, ngozi ya mikono imemwiva. "Mie n'liyekuzaa umetanguliza miguu? Ningoje kesho!"

Jioni ile akanikokota mpaka kwa sonara, Seeb. Viganja vimeshavimba kwa utu uzima, bangili hazipiti tena. "Zikate," akamwambia sonara. Mimi nikaanza kulia. Hata alipofiwa hakuzivua, leo azikate kwa ajili ya kuku wa barafu?

"Nyamaza, Mazoon," akaniambia. "Unantia uchungu." Zilipokatika zote sita akazifunga kwenye leso, akatoka bila kugeuka nyuma.

Kesho yake Aflah aliingia naye ghalani, ati amwone anavyoshindwa. Ghaliya akakalia katoni ya kuku, mikono mitupu, akawa anamtazama tu. Dakika ya ishirini Aflah katoka, pua inamchuruzika, anasema kuna simu anaingojea. Mama yake alimaliza nusu saa, akaongeza dakika kumi za ukaidi.

"Haya Mama, umeshinda. Ntakupeleka."

"Hebu! Wewe baki na kuku wako. Ukinifuata huko nimkande nani, wewe au nduguyo?"

Akenda peke yake. Shahad anasema siku ile ilikuwa digrii arubaini na nne chini ya sifuri, na mama yake alifika mlangoni kope zimeganda, anaitukana baridi kwa Kiarabu na Kiswahili. Wiki ya pili mtoto akazaliwa, msichana.

Siku ya kwanza ya kukandwa, Ghaliya alikunja mikono ya gauni, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto. Shahad akaviona vile vifundo vya mikono viko vitupu, akashtuka.

"Mama, bangili za Baba ziko wapi?"

"Nilizivaa nikienda kwa babako. Nimezivua nikija kwako." Akakamua kitambaa. "Usilie. Inua mguu, maji yanapoa."