Mkanda Uliosafishwa Kimwani

Juzi nilipita Kahororo nikakuta baraza ya mwalimu mstaafu imegeuzwa banda la kuchaji simu. Nikasimama pale kidogo kama mtu anayesubiri chaji, maana sikutaka kuulizwa natafuta nini. Lakini wewe nitakuambia.

Nilipokuwa darasa la tano, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu watatu walikutana pale na picha zao za mkanda: mwalimu mwenyewe, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, na shangazi yangu muuguzi, aliyenichukua nimbebee kikapu. Tulikunywa chai ya tangawizi na ndizi za kuchoma, halafu picha zikapita mkono kwa mkono. Sheria ilikuwa moja: mwenye picha hasemi. Anakaa kimya mpaka wenzake waseme wanachokiona. Shangazi akiuliza, "Mwalimu, huyu ng'ombe umemkata masikio, amekukosea nini?" mwalimu anakunywa chai tu, anavumilia. Mimi niliyeogopa hata kuitikia jina langu darasani, niliipenda sana sheria ile. Nikanuia kwamba na mimi picha zangu zitafika juu ya meza hiyo.

Likizo ilipofika shangazi akaniazima kamera na mkanda wa picha ishirini na nne, nikaenda nao kijijini Kimwani kwa bibi. Sikubonyeza ovyo. Nilisubiri hadi nikampata bibi akimenya ndizi, utomvu umemjaa vidoleni, anacheka peke yake jambo alilolikumbuka. Nikawapata majirani wakinyonyoa senene, wale panzi wa kukaanga, mabawa yamewaganda mpaka kwenye viwiko. Mkanda ulipokwisha nikauzungusha, nikautoa, nikamkabidhi bibi auhifadhi. Nikamwambia huu unakwenda mjini kusafishwa.

Unaona kosa lilipo. Sisi wapiga picha tunasema kusafisha bila kufikiri mara mbili, tukimaanisha kuutia mkanda dawa gizani mpaka picha zitokee. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni, alisikia alichosikia. Niliporudi kutoka kuchota maji nikaukuta mkanda wote umevutwa mpaka mwisho, unaning'inia kwenye kamba ya nguo kati ya shuka na gauni langu, unachuruzika povu.

"Mwana wange," akasema, "mjini kwa nini? Nimeusugua mwenyewe, pande zote mbili."

Nikamshukuru. Kulia nilikwenda kulilia nyuma ya jiko, kisha nikanawa uso, nikaukunja ule mkanda. Nilikuwa nimesema utafika mezani, na ungefika.

Jumamosi nikauweka katikati ya vikombe. Shangazi, aliyekwisha kujua, akatazama chini. Mwalimu akauinua dirishani, akaupitia kipande kwa kipande bila haraka, kama alivyozipitia picha za wenzake, akasema haoni kitu. Mzee wa duka akaunusa.

"Mimi naona sabuni ya mche," akasema. "Tena aliyefua hakufua kwa mzaha. Kwenu kuna mtu anakupenda, binti."

Kwa sheria yao nilipaswa kunyamaza. Nikaivunja. Nikawaeleza ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikazimaliza zote ishirini na nne. Hakuna aliyenikatiza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema mbele za watu maneno mengi kiasi kile, na chai ilipoa vikombeni.

Baadaye nilimpiga bibi picha nyingine. Alivaa kitenge cha kanisani, akakaza shingo kama anapigwa ya kitambulisho. Kile kicheko hakikurudi.

Sasa mzee wa duka amehamia kwa wanawe, mwalimu hayupo, na bibi tulimzika mwaka jana. Shangazi hutuma picha kwenye kundi la simu, na kabla hujazitazama watu wameshaweka vidole gumba. Hakuna anayemwambia kwamba ng'ombe amekatwa masikio.

Kwa hiyo naziandika picha zile kwenye daftari hili, moja kila siku nikitoka shule, aliyekuwepo na mwanga ulikotokea. Nimefikisha kumi na tisa. Tano zimenikataa. Wiki ijayo tunafunga shule, na nimeshaomba ruhusa nyumbani niende Kimwani nikakae kwenye jiko lile mpaka zitoke.