Mafuta Yaliwaka Nyuma ya Mgongo Wangu

Sikiliza, rafiki yangu, na ukicheka ucheke kwa adabu, maana aibu hii niliipata mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, nikiwa nimesimama wima nawafundisha jinsi ya kuzuia moto.

Mimi naishi Tuwan, pale Kitale, na tangu kazini watupe mafunzo ya siku mbili kuhusu dharura za nyumbani sijawahi kunyamaza (kwangu hata paka anajua mfuniko wa sufuria unakaa wapi). Basi tulipokwenda Matulo kuwaona wakwe, nikaamua, bila kuombwa na mtu, kuwakaangia mandazi akina mama wa kikundi cha ukoo wao huku nikiwaeleza usalama wa jikoni. Nikabandika mafuta kwenye jiko la makaa, kando ya nyumba ya kupikia ya mama mkwe, yenye paa la nyasi (ndiyo, nyasi, na mtaalamu hakuona shida).

Mara mama mkwe akatoka, akaketi karibu na jiko langu, akauchukua mfuniko wa sufuria yangu na kuufanya sinia ya kuchambulia maharagwe. Nawe unajua adabu ya kwetu: mkwe hamkodolei macho mama mkwe, wala hawaongei moja kwa moja. Kwa heshima nikageukia upande wa pili, nikaendelea.

"Kosa la kwanza," nikasema polepole, "ni kubandika mafuta halafu kuyasahau. La pili ni kumwagia maji mafuta yanayowaka. Maji hapana! Tumeelewana?"

Nyuma yangu mama mkwe akasema, "Nafula, mwambie mgeni mafuta yake yanatoa moshi."

Nafula ndiye mke wangu. "Baba Brian, mafuta..."

"Maswali mwishoni, mama."

"Si swali, bana! Ni moshi!"

"Na moshi tutaufikia," nikamtuliza.

Akina mama wakasimama wote kwa pamoja. Nilidhani somo limewagusa, mpaka nikasikia joto mgongoni. Kugeuka, moto unalamba hewa karibu na nyasi za paa, na mimi, mwalimu, nikadaka jagi la maji ya kunawa.

"Ati maji?" wakapiga kelele. "Si umesema maji hapana!"

Nikabaki na jagi hewani. Mfuniko ulikuwa mapajani mwa mama mkwe, na mkono wangu ungefikaje huko? Nikamgeukia mke wangu: "Nafula, tafadhali mwombe mama, kwa heshima zote, kama hatajali..."

Sikumaliza. Mama mkwe alimwaga maharagwe chini, akausukuma mfuniko juu ya sufuria kutoka ubavuni, moto ukafa. Akaketi tena, akaanza kuokota maharagwe moja moja.

"Nafula," akasema, "mwambie mgeni mwisho umefika. Nina swali. Mandazi ni saa ngapi?"

Kitale bado wananiita mwalimu. Matulo naitwa Maswali Mwishoni, hata na watoto.

Kwa hiyo wewe, ukibandika mafuta, yatazame, hata akiketi nani karibu nayo, na mfuniko uwe pale unapoufikia bila kuomba ruhusa. Yakiwaka, usimwage maji wala usisogeze sufuria: funika, zima jiko kama ni la gesi, na usifunue mpaka ipoe kabisa.