Mshale Nilioufuta

Usiku ule sikulala. Binti yangu alituma ujumbe mmoja tu: "Mama, msinisubiri, bado tunagombana na tope." Nikageuka kitandani hadi shuka likahama godoro. Baba yake akaguna, "Lala basi. Tope halina miguu."

Binti huyu alianza mapema. Akiwa na miaka sita alibandua kwa ukucha rangi ya ukuta wa chumba tulichopanga, aone waliotutangulia walipaka nini. Chini ya nyeupe akakuta kijani, chini ya kijani bluu. Nilimchapa. Leo anafanya yale yale kwa tope la ziwani, na watu wanamwita msomi.

Yeye na wenzake wanazamisha bomba refu sakafuni mwa ziwa, wanalitoa limejaa tope. La juu ni la juzi. La chini kabisa lina maelfu ya miaka. Humo anasoma nyakati za mvua na za ukame, kisha anazilinganisha na hesabu za kompyuta, ambayo nayo inakisia mvua ya zama hizo. Vikipatana, ndipo kompyuta huaminiwa ikisema ya mbele. Amenieleza haya jikoni mara nyingi. Nami napiga deki jengo hilo hilo analofanyia kazi, kwa hiyo husikia hata yasiyonihusu.

Wiki ile nilisikia kwamba bomba la kwanza na la pili yanapatana na kompyuta. La tatu linapinga kila kitu: kompyuta ikisema ukame, tope linasema ziwa lilifurika. Asubuhi msimamizi wake angeamua. Tope hilo likikataliwa, miaka miwili ya binti yangu inakwenda na maji.

Mimi nilijua wasilolijua. Mwezi uliopita, nikifuta rafu za chumba cha baridi wanamohifadhi mabomba hayo, bomba moja liliniteleza. Halikupasuka. Pembeni ya namba yake, tatu, kulikuwa na alama ya wino. Nikaidhania uchafu, nikaisugua kwa kitambaa kibichi ikatoka. Nikalirudisha bila kukumbuka ncha ipi ilielekea ukutani. Baadaye nikaona mabomba mengine yote yana mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Nikanyamaza. Kimya hicho nikatembea nacho kama jiwe kiatuni.

Kulipokucha nilitoka bila hata chai. Mlinzi getini akacheka. "Mama Daktari, leo umelitangulia jua. Sakafu itakimbia?"

"Fungua, mwanangu. Leo si sakafu."

Ghorofa ya pili, mwanga ulipenya chini ya mlango wa msimamizi. Sauti ya binti yangu ilikuwa imekauka. "Mwalimu, kompyuta ipatie bomba la kwanza na la pili, ikosee hili la tatu tu?"

"Basi tope ndilo bovu. Tuliache."

Niliifikiria kazi yangu. Nikaufikiria na ule ukuta, na fimbo niliyomchapia. Nikagonga. Hawakusikia. Nikagonga tena, kwa kiganja.

Mlango ukafunguka. Binti yangu alisimama pale, macho mekundu, kalamu imechomekwa nyweleni.

"Mama? Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama. Bomba la tatu, mshale niliufuta mimi. Jaribuni kulisoma kuanzia ncha ya pili."